Muyinga Waliomba Mradi Wao

Mimi ni mtu wa kushuku. Sisemi hivyo kwa kujisifu, wala siombi radhi. Nilikulia kambini upande wa Tanzania, mahali ambapo maisha yote yalikwenda kwa orodha: orodha ya mahindi, orodha ya kuni, orodha ya blanketi. Mtoto wa kambini anajua mapema kwamba jina likikosekana kwenye orodha kuna mtu amelitoa, na likizidi kuna mtu amelipachika. Tuliporudi Burundi, wale waliobaki nao wakatushuku sisi. Walituita Watanzania. Nilipoingia dukani Magarama, mjini Gitega, na Kiswahili changu cha shule, muuzaji alinitazama mikono kabla ya kunitazama uso. Sikumlaumu. Mimi mwenyewe ningefanya vivyo hivyo.

Kwa hiyo siku mkurugenzi wetu aliponikabidhi programu ya kufuatilia matatizo ya pampu, alinipa kazi niliyoizoea tangu utotoni, ila hii ilikuwa ndani ya kompyuta.

Shirika letu ni dogo. Tunatengeneza pampu za maji za mkono, zile za kusukuma kwa mpini, zilizowekwa vilimani, ndivyo tuviitavyo vijiji, miaka mingi nyuma na watu ambao siku hizi hawaonekani. Ofisi iko Gitega, mtaa wa Magarama, vyumba vitatu nyuma ya duka la unga. Mafundi wa Gitega wako pale pale, nao hushughulikia pampu za Gishubi, za upande wa Mutoyi, na za vilima vya karibu. Muyinga tuna karakana moja na fundi mkuu mmoja, mwanamume wa makamo, Mkongomani wa Kivu ya Kusini, aliyeingia nchini kama mkimbizi na kukaa kambi ya huko kabla ya kupata kazi kwetu. Ana mke na watoto watano, na wote wanakula kwa mikono yake.

Utaratibu ni rahisi. Pampu ikiharibika, mtu anaifungulia fishi, yaani kadi ya tatizo, kwenye programu. Fishi inapewa namba, jina la kilima, na rangi. Njano, tatizo limefika. Buluu, vipuri vimetoka stoo na fundi yuko kazini. Kijani, kazi imekwisha. Fishi zote, za Gitega na za Muyinga, zilikaa ndani ya mradi mmoja, yaani kabati moja kubwa ambalo kila mfanyakazi aliweza kulifungua na kusoma kila kilichoandikwa. Na kwa kuwa petroli siku hizi ni ya kutafuta kwa tochi, mkurugenzi aliweka sharti: pikipiki haipewi mafuta bila fishi iliyo wazi. Fishi ikishakuwa kijani, hakuna mafuta ya kurudi kwenye kilima hicho.

Nililipenda lile kabati moja. Asubuhi, kabla hata ya chai, nilifungua kompyuta nikapitisha macho juu chini kama mwalimu wa zamu. Nani amefungua, nani amefunga, nani amelala. Hakuna aliyeweza kujificha, na hilo lilinipa raha ambayo sikumwambia mtu.

Watu hawakuchelewa kuja kuomba makabati yao. Wa kwanza alikuwa dereva, aliyetaka mradi wa gari. Gari lenyewe ni moja, na tatizo lake ni moja, uzee. Nikampa lebo ya kubandika kwenye fishi zake ili azione haraka, akaridhika. Kisha akaja mama wa stoo. Huyu nilimsikiliza, kwa sababu kazi yake kweli ilikuwa na hatua nyingine: kifaa kimeagizwa, kimefika, kimekaguliwa, kimepangwa rafuni. Pampu haipiti huko. Kumlazimisha atumie njano, buluu na kijani ilikuwa kumvalisha viatu vya mtu mwingine. Nikamfungulia mradi wake siku hiyo hiyo.

Kwenye mkutano wa Jumatatu nikasimama na kutoa somo. Nilisema hatugawi kabati kwa sababu mtu yuko mbali, wala kwa sababu mtu ni mkubwa. Tunagawa pale ambapo kazi ina hatua zake na mwisho wake, tofauti na kazi nyingine. Mkurugenzi alitikisa kichwa kukubali. Mama wa stoo alipiga makofi mawili. Nakumbuka maneno hayo vizuri kwa sababu ni yangu, na kwa sababu wiki mbili baadaye niliyasahau kabisa.

Fundi wa Muyinga alinipigia simu asubuhi, mtandao ukikatika na kurudi. Kiswahili chake cha Kivu kina Kifaransa ndani, projet ni mradi na mais ni lakini, na "wa" yetu kwake ni "ba".

"Dada, mi naomba utupatie projet yetu, siye ba Muyinga. Ya pembeni."

"Kwa nini, fundi?"

"Juu kazi ya huku inaishaka namna ingine."

"Pampu ni pampu."

"Ni vile, dada. Mais huku iko tofauti. Na tena, ile yetu, ba Gitega bote basikuwe banaisoma."

Masikio yangu yakasimama. Kama angeishia kwenye ile tofauti, labda ningemuuliza tofauti gani. Lakini alipotaja kusomwa, sikusikia tena lingine lolote. Mtu haombi pazia bila kuwa na kitu cha kusitiri. Nikamwambia nitafikiria, nikakata simu, nikaanza kuchimba.

Niliyoyakuta yalinifurahisha, Mungu anisamehe. Fishi za Gitega zilifungwa kwa siku mbili au tatu. Za Muyinga zilikaa buluu wiki mbili, wakati mwingine tatu, na vipuri vilikuwa vimetoka siku ya kwanza. Kwa muda wote huo fishi ilikuwa wazi, kwa hiyo mafuta yaliendelea kutoka. Tena zilifungwa kwa siku za ajabu. Nyingi ziligeuka kijani Jumapili alasiri, na nyingine Ijumaa baada ya saa nane. Nani anatengeneza pampu Jumapili alasiri? Nikajijibu: hakuna. Huyu bwana anakaa barazani kwake Jumapili, ameshiba, anatunga kazi ambazo hakuzifanya. Vipuri ameviuza sokoni, na mafuta yako kwenye pikipiki ya mtu mwingine. Na ni Mkongomani, nikasema moyoni, na kwa biashara hao hawajambo. Naandika hili kwa aibu, lakini ndivyo nilivyosema, mimi niliyeitwa Mtanzania dukani.

Nikampelekea mkurugenzi. Ni mtu mpole, mzaliwa wa Gitega, asiyependa kompyuta.

"Bon," alisema, "we ndiye unajua hiyo lojisyeli, hiyo programu. Mi naangalia rangi tu."

"Rangi zinasema Muyinga wanachelewa. Na sasa wanataka tusione."

Alijikuna kidevu. Akaniambia jambo ambalo sikulijua: kwamba walikuwa wakifikiria kuifunga karakana ya Muyinga na kufanyia kila kitu Gitega, na kwamba ataamua kiangazi kikiisha. "Kama iko inaenda polepole hivi, tutamwachia huyo fundi aende. Itaniuma, ana familia. Mais tutafanyaje?"

Kuachwa aende maana yake ni kurudi kambini na watoto watano kungoja mgao. Mimi nayajua maisha hayo, najua hata harufu ya gunia la mgao linapofunguliwa. Nilijua kabisa kwamba riziki ya yule mtu sasa ilikuwa kwenye rangi zangu. Na bado niliona ninatenda haki.

Sikumpa mradi wake. Badala yake niliweka amri ndani ya programu: fishi ikikaa buluu zaidi ya siku saba, inageuka nyekundu yenyewe na ujumbe unaingia moja kwa moja kwenye simu ya mkurugenzi. Nikampigia fundi kumjulisha. Nilitegemea agombe.

"Sawa, dada," alisema. "Kama umesema."

Hata kule kutogomba nikakushuku, maana mtu asiye na hatia angepiga kelele.

Haikuchukua muda. Muyinga ikawa kijani kutoka juu hadi chini. Pampu iliyotolewa vipuri asubuhi, jioni imefungwa. Nikawaonyesha wenzangu. Nilimwambia mama wa stoo kwamba mwizi haogopi polisi, anaogopa taa. Yeye alikuwa akihesabu mipira ya pistoni, hakuinua kichwa. "Labda," alisema. Mama wa stoo ni mwenyeji wa Muyinga. Sasa najua kwamba neno lile lilikuwa zito, lakini wakati ule nililichukua kama uvivu wa kuongea.

Kiangazi kilipokaribia kuisha mkurugenzi aliniita. Alikuwa amefungua zile rangi kwenye simu yake, anatabasamu.

"Sasa Muyinga yote iko kijani. Ni vyiza, ni vizuri. Lakini nimejiuliza: kama pampu zote ni nzima, fundi wa kukaa kule ni wa nini? Tunaweza kutuma mtu toka hapa mara moja kwa mwezi. Nenda uone na macho yako, uniletee ripoti. Ijumaa tunaamua."

Nikaona kichekesho chake, lakini sikucheka. Rangi nyekundu ingemfukuza fundi kwa uzembe, na rangi ya kijani ilikuwa inamfukuza kwa kutohitajika. Hata hivyo nilikwenda na hamu yangu ya zamani: nimkamate. Sikumwambia kwamba ninakuja. Nilichagua fishi iliyofungwa haraka kuliko zote, kilima kimoja mbali na mji, nikafika Muyinga Jumanne saa nne asubuhi na kumpa mwenye pikipiki jina la kilima hicho bila kupita karakana.

Pampu ilikuwa kando ya njia, ndani ya uzio wa miti. Mpini umepakwa grisi mpya, boliti zinang'aa. Kazi ya mtu anayejua. Ila mdomoni, pale maji yanapotokea, buibui alikuwa amesuka utando wake vizuri, na mchanga wa chini ulikuwa mkavu.

Nilishika mpini nikasukuma. Nikahesabu hadi hamsini, jasho likanitoka. Ilitoa pumzi tu.

Mama mmoja wa umri wangu alikuwa akipanda kutoka bondeni na bidoni ya maji kichwani. Alisimama kunisalimia kwa Kirundi. Nilijibu, akasikia matamshi yangu, akatabasamu na kuhamia kwenye Kiswahili kilichonyooka kama changu.

"Ulikuwa upande wa pili, dada?"

"Miaka yote ya shule."

"Na mimi. Karibu."

"Asante. Hii pampu inafanya kazi?"

"Inafanya," alisema. "Mafundi walikuja wakatutengenezea. Tunashukuru sana."

Nilitazama bidoni yake. Ilikuwa ya plastiki nyeupe, na maji yaliyokuwa ndani yalionekana, rangi ya chai ya maziwa. Alijua ninatazama nini. Macho yake yakaenda kwenye migomba.

"Inafanya kazi lini?" nikauliza.

Alitua bidoni, akajifuta uso na ncha ya kitenge, akaitazama ile pampu, kisha mimi. Nadhani aliamua kwamba mtu aliyekula mgao ule ule anaweza kuambiwa.

"Siku ile aliyokuja ilitoa maji. Tulichota wote. Kesho yake asubuhi ulisukuma sana ndipo yakaja. Siku ya tatu hayakuja."

"Mlimwambia?"

"Nani?"

"Fundi."

Alinitazama kama mtu anayemtazama mtoto. "Dada, yule mzee alikuja na baiskeli kwa sababu petroli haikuwapo. Amefungua vyuma vyote hivi kwenye jua. Tukampikia maharage. Akatuuliza, iko sawa? Tukasema iko sawa, murakoze cane, asante sana. Ndivyo mtu anavyojibiwa. Sasa nitoke hapa nitembee mpaka mjini kumwambia kazi yako ni mbovu? Nani atakwenda kusema hivyo?"

"Kwa hiyo mnakaa kimya."

"Huwa tunakaa kimya, naye anaelewa. Pampu ikiwa nzima kweli, wiki mbili zikipita, tunamtuma mtu kwenda kumshukuru. Jumapili akitoka kanisani, au Ijumaa wale wanaokwenda kuswali mjini, anapita kwake, anampa ndizi, au maneno tu. Asipoona mtu, anajua. Anarudi mwenyewe, anasema, napita kusalimia tu, na funguo anazo mfukoni." Akaugusa mpini. "Safari hii hakurudi. Tumekaa tukijiuliza tumemkosea nini. Labda yale maharage."

Nilimuuliza wanachota wapi. Akanionyesha bondeni kwa kidevu. Akaniambia mama mkwe wake aliteleza kwenye njia ile akiwa na bidoni, nyonga ikavunjika, na sasa yuko ndani amelala. Alilisema polepole, bila kumlaumu mtu yeyote. Halafu akaniomba niingie nimsalimie mgonjwa, na nikaingia. Bibi kizee alinipa mkono kutoka kitandani. Alipoambiwa mimi ni mtu wa pampu, alisema kwa Kirundi kwamba pampu ni nzuri sana, Mungu atubariki. Nilitoka nje nikasimama nyuma ya jiko kwa muda, kwa sababu nilikuwa ninalia na sikutaka wanione.

Karakanani nilimkuta fundi amekaa kwenye kigogo anapiga msasa chuma. Alishtuka, akasimama, akanitafutia kiti. Nilimwambia nimetoka wapi. Hakuuliza kwa nini sikupita kwake kwanza. Aliketi tena, akakiweka chuma chini.

"Ile kolini, ile kilima," alisema. "Nilijua. Wiki mbili hakuna mutu amekuja. Valvu ya chini inavuja, maji inashuka usiku, siku ya kwanza huwezi kuiona."

"Kwa nini hukurudi?"

"Na mafuta gani, dada? Fishi iko kijani. Nilienda na baiskeli kwa zile za karibu. Ile iko mbali, na toka ile safari goti langu si muzuri."

"Kwa nini uliifunga, kama ulijua unangoja?"

Alinitazama kwa upole, na upole ule ulinichoma kuliko matusi. "Ulisema siku saba."

Jua lilikuwa kali kwenye bati. Nikamuuliza lile nililotoka nalo kilimani: kwa nini hakuandika. Sehemu ya maelezo iko pale kwenye kila fishi, pana, anaweza kuandika anachotaka. Angeandika mara moja tu kwamba huku kazi inaisha wanapokuja kushukuru, ningeelewa.

"Niandike nini? Kama batu ba huku banasemaka iko muzuri na haiko muzuri? Na ba Gitega bote basome? Nusu yao baba zao ni ba hapa hapa." Alishusha sauti ingawa tulikuwa peke yetu. "Mi mukimbizi, dada. Mukongomani akiandika Barundi banadanganya, kesho atalala wapi? Na si kudanganya. Ni heshima. Mais kwenye ile fishi yako itasomeka kudanganya. Ndiyo nilikuomba ya pembeni. Nilikuambia inaishaka namna ingine."

Kweli aliniambia. Alinipa sababu ile ile niliyoitangaza mimi mwenyewe mkutanoni, kwa maneno saba, na nikamjibu kwamba pampu ni pampu. Kwa mama wa stoo niliuliza hatua zako ni zipi. Kwa fundi niliuliza unaficha nini, tena sikumuuliza yeye, niliuliza rangi. Nilimwomba radhi pale pale. Alisema hapana shida, dada, ni kazi. Nilitaka sana kumwamini.

Njia nzima ya kurudi Gitega nilikuwa ninapanga ripoti kichwani. Ningeweza kuandika kwamba valvu zilikuwa na kasoro. Ilikuwa kweli. Ningeweza kufungua mradi wa Muyinga kwanza, na ndani yake, mahali ambapo ni fundi na watu wake tu wangesoma, nikaandika lile kosa langu. Nalo lingekuwa limeandikwa, dhamiri ikatulia, na Magarama hakuna ambaye angejua. Nililifikiria hili muda mrefu kuliko ninavyopenda kukiri. Hapo ndipo nilipoelewa kwa mwili wangu mwenyewe kwa nini mtu asiye mwizi anaweza kuomba pazia.

Lakini mkurugenzi alikuwa anaamua Ijumaa, na mkurugenzi anaangalia rangi za kabati kubwa, hasomi kingine. Nikaketi Alhamisi asubuhi mbele ya kompyuta. Nikazifungua upya fishi za Muyinga zilizofungwa tangu amri yangu ianze, moja baada ya nyingine, na ukurasa wote ukatoka kijani ukawa buluu. Kisha nikafungua fishi mpya, kwenye mradi wa wote, kwa jina langu. Niliandika kwamba amri ya siku saba niliiweka mimi, bila kuuliza Muyinga kazi yao inaishaje. Kwamba fundi alilazimika kufunga pampu ambazo hazijapona, na kwa kuwa zilifungwa hakupata mafuta ya kurudi. Kwamba nilimdhania wizi, na nikamdokezea mkurugenzi hivyo, na haikuwa kweli. Kwamba kuna bibi mmoja amevunjika nyonga akichota bondeni. Kuhusu watu wa kilimani niliandika tu kwamba hutoa jibu lao baada ya wiki mbili, na kwamba fundi wetu ndiye pekee anayejua kulisikia, kwa hiyo mtu wa kutumwa mara moja kwa mwezi hatatufaa. Nikabonyeza. Nikaenda kunywa maji.

Waliisoma wote kabla ya mchana. Dereva aliacha kunitania kwa wiki nzima. Mama wa stoo alikuja mezani kwangu, akaweka mkono begani, akarudi stoo. Mkurugenzi aliniita, akafunga mlango, akaniambia maneno ambayo nilistahili, kwa Kifaransa, ambacho hukitumia akiwa amekasirika kweli. Mwisho akasema, "Alors, fundi anabaki. Na hiyo projet yao, wape."

Niliutengeneza mradi wa Muyinga alasiri hiyo. Niliongeza hatua moja kati ya buluu na kijani, nikaiita Inangoja shukrani, na nikapanga kwamba fishi ikiwa kwenye hatua hiyo mafuta bado yanatoka. Ile amri ya siku saba niliifuta. Nikaweka majina ya wanaoruhusiwa kusoma: fundi na vibarua wake wawili. Programu iliniuliza kama nina hakika ninataka kujiondoa. Nilikaa mbele ya swali lile kama mtu aliyeombwa atoe funguo za nyumba yake. Nikajiondoa.

Nilimpigia fundi kumwambia uko tayari.

"Na we utakuwa unasoma?"

"Hapana. Nimetoka."

"Asante sana, dada," alisema. "Asante sana. Umefanya muzuri." Sauti yake ilikuwa ya uchangamfu, na mimi nikakata simu nikiwa nimefurahi, nikachemsha chai, nikaipeleka nje kwenye ngazi. Nilikuwa nimekunywa nusu kikombe nilipokumbuka kwamba hiyo ilikuwa asante ya siku ile ile, si ile ya baada ya wiki mbili.

Mvua zimeshaanza sasa. Tangu hapo fundi amekuja Gitega mara mbili kuchukua vipuri. Mara zote mbili alinisalimia vizuri, akauliza watoto, akauliza afya, akasaini kwa mama wa stoo. Mara ya pili nilimsindikiza hadi barabarani, nikitafuta sababu ya kusimama naye. Aliniambia kwamba kile kilima cha yule mama mwenye bidoni kimetuma mtu Jumapili iliyopita, amekuja na ndizi mkungu mzima, na fishi yake imefungwa kijani. Nikamwambia nimefurahi sana. Akasema mipira ya pistoni ya safari hii ni migumu kuliko ya zamani. Nikasema nitamwambia mama wa stoo.

Alifunga boksi lake kwenye baiskeli, akanipa mkono, akaondoka. Hii ni wiki ya saba, na bado hajaja kunishukuru.